Samaki Mwenye Radi

Lugha yetu ina neno moja dogo ambalo hubeba vitu viwili visivyofanana. Neno hilo ni taa. Taa ya kwanza hukaa ukutani au mezani, nayo hutupa mwanga usiku. Taa wa pili hukaa baharini, naye ni samaki mpana, bapa kama sinia, alalaye juu ya mchanga. Waliotutangulia hawakukusudia mzaha walipoviita vitu hivyo viwili kwa sauti moja. Ni jambo la nasibu tu. Lakini katika Bahari ya Hindi yuko taa mmoja ambaye ni kama aliyeitimiza nasibu hiyo, maana ni samaki na tena ana umeme. Nataka kukueleza habari zake, msomaji, kwa sababu mbili. Kwanza, mwili wake ni ajabu, na akili ya kijana hustawi inapolishwa ajabu za kweli. Pili, namna wenye elimu walivyompambanua na jamaa zake ni fundisho la kutazama vitu kwa makini, na fundisho hilo lina faida kwa watu waishio kwa bahari.

Visiwa vya Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu viko kaskazini ya pwani ya Kenya, upande wa kuelekea mpaka wa Somalia. Kati ya visiwa hivyo na bara mna mikono ya bahari, misitu ya mikoko, mafungu ya mchanga na miamba ya matumbawe. Sehemu ya kaskazini ya maji hayo, upande wa Kiunga, ilifanywa hifadhi ya bahari mwaka 1979. Pahali pa namna hiyo ni makao mema ya samaki wakaao chini, na taa ni miongoni mwao. Mvuvi wa Lamu huwapata katika jarife, katika nyavu, na pengine katika mshipi. Wengi wao hujulikana upesi kwa mkia wao mrefu kama mjeledi, wenye mwiba wa sumu. Taa wa umeme si wa namna hiyo, na kumdhania kuwa sawa na hao wengine ndilo kosa la kwanza ambalo mtu hulifanya.

Mtazame kwa nje. Sehemu yake ya mbele ni duara nene, laini, lililojaa nyama. Ngozi yake ni tupu: haina vile vidonge vikali vifanyavyo ngozi ya papa ikwaruze kama msasa. Mkia wake ni mfupi na mnene, nao una pezi mwishoni kama mkia wa samaki wa kawaida, na juu yake, kwa aina nyingi, mapezi mawili madogo. Hana mwiba. Macho yake ni madogo, yako juu. Nyuma ya kila jicho mna tundu, na kwa tundu hilo huvuta maji ya kupumulia wakati tumbo lake limelala juu ya mchanga. Kinywa chake na matundu ya matamvua yake, matano kila upande, yako chini. Ndani yake hamna mfupa hata mmoja. Kiunzi chake chote ni gegedu, kitu kile kile kinachosimamisha masikio yako.

Taa wengine huogelea kwa kupiga mbawa kama ndege. Huyu hawezi kufanya hivyo vizuri, kwa kuwa mbawa zake zimejazwa kitu kingine kizito. Basi hujisukuma kwa mkia, pole pole, kama mtu apigaye kasia moja. Hapa pana somo dogo: katika maumbile kipawa kimoja mara nyingi hulipiwa kwa kingine. Aliyepewa umeme amenyimwa mbio. Kwa hiyo hawindi kwa kufukuza. Hujifukia mchangani mpaka yakabaki macho na matundu, akangoja. Samaki mdogo akipita karibu, humrukia, humfunika kwa mbawa zake kama mtu afunikavyo kuku kwa tenga, kisha humpiga kwa umeme. Samaki akiisha kufa ganzi, humezwa. Kazi hiyo hufanywa zaidi wakati wa usiku.

Sasa tuingie ndani. Nakumbuka siku moja, wakati wa kaskazi, nilikuwa pwani ya Shela pamoja na mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akikung'uta wavu wake. Ndani ya wavu mlikuwa na taa wa umeme aliyekwisha kufa. Nilipoinama kumgusa, mzee alinizuia kwa fimbo yake akasema, “Mwanangu, ngoja kwanza. Huyu hana mwiba, lakini ana radi.” Alimgeuza kwa fimbo, akamwacha juani kwa muda, kisha akatoa kisu chake. Alipasua ngozi ya mgongo, upande mmoja wa kichwa, pale mbawa inapoungana na mwili, akaikunja ngozi hiyo kama mtu akunjavyo mkeka. Chini yake palikuwa na kitu chenye umbo la figo, cheupe kwa kijivu, laini kama utelezi ulioganda. Juu yake palijaa vyumba vyumba vya pembe tano na pembe sita, vimebanana pasipo nafasi. Mzee alitabasamu. “Sega la nyuki,” akasema, “ila asali yake haionjwi.”

Mzee yule alisema kweli kwa kiasi ambacho mtu wa maabara asingeweza kukikanusha. Chombo cha umeme cha taa kiko kila upande wa kichwa, na vyombo viwili kwa pamoja huweza kufika kama sehemu moja ya sita ya uzito wa mwili wote. Kila chumba cha lile sega si chumba kitupu, bali ni kichwa cha nguzo. Nguzo hizo zimesimama wima, toka ngozi ya tumbo mpaka ngozi ya mgongo. Mwaka 1773 tabibu wa Uingereza, John Hunter, alizihesabu nguzo hizo katika taa aliokuwa nao. Katika mmoja alipata nguzo 470 kwa kila chombo; katika mwingine, mkubwa sana, alipata 1,182.

Kila nguzo imejengwa kwa sahani nyembamba sana zilizopangwa moja juu ya moja, kama sarafu zilizowekwa katika mrundo. Katika nguzo moja huweza kuwa na sahani mia tano au zaidi. Sahani hizo asili yake ni misuli ya matamvua: kabla taa hajazaliwa, nyama iliyokuwa iwe ya kujikunja na kujinyosha hugeuka ikaacha kujikunja, ikabaki na kazi moja tu ya kutoa umeme. Usistaajabu sana kwa hilo. Misuli yako mwenyewe, msomaji, na moyo wako pia, hutoa umeme kidogo kila ufanyapo kazi. Taa hakubuni kitu kigeni. Alichukua kilichomo katika kila mnyama, akakizidisha.

Jinsi kinavyozidishwa ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Sahani moja hutoa umeme mdogo mno, pungufu ya sehemu moja ya kumi ya volti. Lakini sahani zikipangwa moja juu ya moja, volti zao hujumlishwa. Ukichukua sahani 500, kila moja ikitoa chini kidogo ya sehemu moja ya kumi, utakaribia volti 50. Hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Nguzo nazo, kwa kuwa zimesimama bega kwa bega, haziongezi volti, bali huongeza wingi wa mkondo wa umeme, kama mabomba mengi yanayomwaga katika pipa moja. Upande wa mgongo huwa chanya, na upande wa tumbo huwa hasi. Na mkondo hupita katika maji baina ya pande hizo mbili, na katika mwili wa samaki aliyefunikwa.

Lakini ingekuwaje kama kila sahani ingetoa umeme wake kwa wakati inaoutaka? Pasingekuwa na kishindo. Umepata kuona watu wakivuta jahazi pwani? Mmoja huimba, wengine huitikia, na pale penye kiitikio wote huvuta kwa pamoja. Jahazi lililokataa kutikisika kwa nguvu ya mtu mmoja mmoja, hupanda mchangani. Ndivyo ilivyo kwa taa. Katika ubongo wake mna sehemu mbili za pekee zilizovimba, na humo hutoka mishipa ya fahamu minne, minene, kwenda kila chombo. Mishipa hiyo hugawanyika mpaka ikafika upande wa chini wa kila sahani. Ubongo ukitoa amri, amri hiyo huzifikia sahani zote karibu kwa mara moja, nazo hulipuka pamoja.

Nguvu ya mlipuko hutofautiana. Taa wadogo wa ukoo wa Narcinidae hutoa volti chache tu, pengine zisizofika 40. Taa mkubwa mweusi wa bahari ya Atlantiki, ambaye huweza kufika urefu wa meta 1.8 na uzito wa kilo 90, husemwa kuwa huweza kufikia volti 220. Linganisha na samaki wa umeme wa mito ya Amerika ya Kusini, afananaye na mkunga kwa umbo ingawa si mkunga: mmoja wa aina hizo alipimwa akatoa volti 860. Kwa nini wa mtoni amzidi wa baharini? Jawabu limo katika chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme kwa urahisi. Maji ya mto huukinza. Anayeishi mtoni huhitaji volti nyingi ili kuyapenya maji yake, kwa hiyo nguzo zake ni ndefu na chache. Anayeishi baharini huhitaji wingi wa mkondo kuliko volti, kwa hiyo nguzo zake ni fupi na nyingi. Kila mmoja ameundwa kwa maji yake. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Na huyu alalaye chini pia ameundwa.

Baada ya kujua mwili, twaweza kuuliza ukoo. Mgeni akifika mji wa pwani huulizwa kabila lake, ukoo wake, mlango wake, na mwisho jina lake. Wenye elimu ya viumbe hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1758 Linnaeus wa Uswidi alimweka taa wa umeme wa bahari ya Mediteranea pamoja na taa wengine, akamwita Raja torpedo. Siku hizi taa wa umeme wamepewa kabila lao wenyewe, nalo huitwa Torpediniformes. Jirani zao ni makabila mengine ya samaki bapa wa gegedu: mmoja wa taa wenye mwiba, mmoja wa papa upanga na jamaa zake, na mmoja wa taa watagao mayai yenye ganda kama ngozi. Taa wa umeme hawatagi. Huzaa watoto walio hai.

Ndani ya kabila hilo zimo aina zaidi ya 60, na kwa desturi zimegawanywa katika koo nne. Ukoo wa Torpedinidae una taa wakubwa, ambao ukingo wa mbele wa duara lao umekatika karibu kunyoka, na vinywa vyao ni vipana, vyenye taya nyembamba. Ukoo wa Narcinidae una vinywa vidogo ambavyo huchomoka kama mrija ili kufyonza wadudu wa mchangani, na kukizunguka kinywa mna mfereji wa kina. Ukoo wa Narkidae wengi wao wana pezi moja tu la mgongoni badala ya mawili. Ukoo wa Hypnidae una mmoja tu, wa Australia, mwenye mkia mfupi hata waonekana kama umesahauliwa. Kanuni hizi nazo zina walioziasi: katika ukoo wa Narkidae umo mlango wa Heteronarce, wa upande huu wetu wa Bahari ya Hindi, nao una mapezi mawili. Mgawaji mwema hatazami alama moja akakata hukumu. Hutazama mwili wote.

Ni vizuri ujue pia kwamba umeme wenyewe si alama ya udugu. Kambare wa umeme wa mto Nile ana umeme, lakini ana mifupa, wala si jamaa wa taa. Yule wa Amerika ya Kusini kadhalika. Kipawa kimoja kimetokea mara kadhaa katika nyumba mbalimbali, jambo ambalo Charles Darwin alilitaja mwaka 1859 kuwa moja ya mambo magumu kuelezwa. Watu wawili wakivaa kanzu moja hawawi ndugu kwa kanzu.

Katika Bahari ya Hindi ya magharibi wanatajwa hasa wawili wa mlango wa Torpedo. Wa kwanza ni Torpedo fuscomaculata, yaani mwenye madoa ya giza, ambaye Mjerumani Wilhelm Peters alimwandika mwaka 1855 baada ya safari yake ya Msumbiji. Wa pili ni Torpedo sinuspersici, ambaye jina lake lina maana ya Ghuba ya Uajemi. Jina hilo lina historia. Tabibu Engelbert Kaempfer alimwona taa huyo katika Ghuba hiyo katika miaka ya 1680, akaeleza habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1712. Ghuba hiyo ndiyo ile ile ambako majahazi ya kaskazi yalikuwa yakitoka kuja Lamu na tende, na kurudi kwa kusi na boriti za mikoko. Samaki huyo, basi, ni mwenyeji wa ncha zote mbili za safari ya mababu zetu. Rangi zake zatofautiana mno kutoka mahali hata mahali, hata baadhi ya wataalamu hushuku kuwa chini ya jina moja wamefichika zaidi ya mmoja. Kazi hiyo bado haijaisha, na haikuandikwa popote kwamba atakayeimaliza lazima atoke ng'ambo.

Mataifa ya kale yalimpa samaki huyu na wenzake majina kwa jinsi walivyomwonja. Wayunani walimwita kwa neno lenye maana ya ganzi. Warumi vivyo hivyo. Waarabu walimwita kambare wa Nile raad, kwa mzizi ule ule ulioleta neno letu radi. Tabibu wa Kirumi, Scribonius Largus, karne ya kwanza, aliandika kuwa mwenye maumivu ya kichwa awekewe taa aliye hai kichwani, na mwenye jongo akanyage taa huyo ufukoni mpaka mguu ufe ganzi. Mwaka 1772 John Walsh alifanya majaribio huko La Rochelle, Ufaransa, akaonyesha kuwa pigo la taa hupita katika chuma lakini huzuiwa na kioo, kama umeme ufanyavyo. Mwaka 1800 Alessandro Volta alipanga vipande vya madini mrundo kwa mrundo, akiweka baina yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Akapata betri ya kwanza, naye akaifananisha na chombo cha taa. Betri iliyomo katika tochi ya mvuvi ina babu yake chini ya mashua yake. Tena, tangu miaka ya 1970, wataalamu wamechukua kutoka vyombo vya samaki wa umeme kitu kile kipokeacho amri ya neva, na kwa hicho wakafahamu ugonjwa mmoja unaolegeza misuli ya wanadamu.

Pengine utasema, “Yote haya ni mazuri, lakini mimi si tabibu wala mvuvi, yanihusu nini?” Nitakujibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni uhai wa watu. Katika visiwa vya Lamu wako watu wengi wanaokwenda majini kila siku: wavuvi wa nyavu, na wapiga mbizi watafutao kamba katika matundu ya miamba. Mtu aliyechomwa na mwiba wa taa ana jeraha na sumu. Yafaa atiwe kiungo hicho katika maji ya moto yavumilikayo, na apelekwe hospitali. Mtu aliyepigwa na taa wa umeme hana jeraha wala sumu. Pigo hilo kwa kawaida halimwui mtu mzima mwenye afya, lakini laweza kumwangusha au kumtoa fahamu, na aliye chini ya maji akishtuka hivyo huweza kuzama. Dawa yake ya kwanza ni kutolewa majini upesi na kutoachwa peke yake. Anayewaita wote “taa” na kunyamaza, hajui lipi la kufanya. Tofauti ya majina hapa ni tofauti ya tiba.

La pili ni uhai wa samaki wenyewe. Taa na papa hukua pole pole na huzaa watoto wachache kuliko samaki wa mifupa. Nyavu zinazokokotwa chini ya bahari huwazoa pamoja na kila kitu kilichojilaza mchangani. Wa umeme hana bei sokoni. Mara nyingi hutupwa amekufa. Na kama katika daftari la samaki wote wameandikwa kwa neno moja, aina moja yaweza kupungua mwaka hata mwaka mpaka ikaisha, na daftari lisionyeshe upungufu wowote, maana nafasi yake imejazwa na jamaa zake. Kisicho na jina hupotea pasipo tanzia. Mvuvi ampataye akiwa hai huweza kumrudisha majini kwa kumsukuma na mti mkavu, si kwa chuma wala kwa mkono mtupu. Kazi hiyo humchukua dakika moja.

Mzee yule wa Shela hakupata kusoma jina la Torpediniformes, lakini alikuwa na elimu yake: aliwagawa taa kwa wenye mwiba na wasio na mwiba, wenye radi na wasio na radi. Huo ndio mwanzo wa elimu yote ya viumbe, nao ulianza kwa jicho na subira. Wewe uliyepewa shule umepewa juu yake kalamu, darubini na vitabu. Usimdharau aliyeanza, wala usikome pale alipokoma. Jifunze majina ya Kiswahili kwa wazee kabla hawajaondoka nayo, uyaandike kando ya majina ya wataalamu, na kila jina ulithibitishe kwa kumtazama mwenye nalo: kinywa chake, mkia wake, hesabu ya mapezi yake. Ukifanya hivyo, bahari iliyo mbele ya mlango wenu haitakuwa tena uwanja wa maji matupu, bali mji wenye wakazi, koo na milango, nawe utakuwa miongoni mwa wachache wanaoweza kuwaita wakazi wake kwa majina.